Kengele ya Ravnbøl na Suti ya Shemeji

Shemeji yangu Preben Lorenzen anaogopa ngazi. Sizungumzii ngazi za mnara peke yake. Hata ile fupi ya kubadilishia taa jikoni, dada yangu Gitte ndiye huipanda, naye Preben huishikilia kwa chini huku akitoa ushauri. Kwa hiyo alipopata kazi ya kengele za makanisa, kijiji chetu kizima cha Ravnbøl kilicheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Babu yake ndiye alikuwa mpiga kengele wetu, mtu aliyepanda mnara kila jioni mpaka magoti yakamgomea. Baba yake alikuwa mpeleka barua. Preben amezirithi kazi zote mbili bila kuinuka kitini: anapeleka vitu mbali, na vitu vyenyewe vinakwenda mnarani.

Siku hizi hakuna anayevuta kamba. Kila mnara una kisanduku cha chuma chenye programu inayojua jua linachwa lini, Jumapili ni lini, harusi inaliaje na msiba unaliaje. Preben hukaa ofisini mjini Aabenraa, kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, na kuvipelekea visanduku hivyo programu mpya kwa njia ya mtandao. "Kazi yangu iko mnarani, miguu yangu iko chini ya meza," hupenda kusema. Ameisema mara nyingi kiasi kwamba akianza tu, paka wao anaomba kufunguliwa mlango.

Mwaka mmoja programu ya zamani ilianza kuchanganya mambo. Ukibonyeza kitufe cha harusi, kengele inalia msiba: pigo moja, kimya kirefu, halafu pigo jingine. Kule Løgbæk, kijiji cha jirani, maharusi walitoka kanisani wanacheka, wameshikana mikono, mara ngooo. Bibi mzee wa bwana harusi alianza kuwatazama ndugu zake mmoja mmoja aone nani hayupo.

Dawa ilipatikana mapema. Programu mpya ilikuwa tayari, imejaribiwa, inasubiri kwenye seva ya ofisini. Kazi ilikuwa kuifikisha. Zamani visanduku vyenyewe vilipiga simu ofisini kuuliza kama kuna jipya, lakini laini zile za simu zilikuwa zimeshafungwa. Sasa ilibidi seva ndiyo ibishe hodi, na kisanduku kikisikia hodi kitoke kwenda kuchukua mzigo wake. Hodi ina lango lake na mzigo una lango lake, na malango yote mawili yamo kwenye ruta ya kanisa, kile kifaa cha mtandao kinachoning'inia ukutani katika chumba cha kipaimara. Kuyafungua ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Kasheshe iko kwenye ruhusa.

Kwetu kusini mwa Jutland, huku Denmark, hakuna mlango wa kanisa unaofunguliwa bila baraza la usharika kupiga kura, uwe wa mbao au wa mtandao. Baraza halipigi kura bila kahawa. Na kahawa kwetu si kikombe. Ni meza nzima, keki laini upande huu, biskuti ngumu upande ule, kila mama na aliyooka yeye, na mgeni anaonja zote. Ukiruka sahani moja umemtukana aliyeoka, umemtukana na mama yake aliyemfundisha. Hayo hayajaandikwa popote, na hakuna asiyeyajua.

Basi Preben akaanza kuzunguka, usharika mmoja baada ya mwingine, kompyuta kwapani. Alieleza hodi na mzigo, akala, wakapiga kura, malango yakafunguliwa. Kwenye skrini yake ofisini kila kanisa lina kitone, chekundu kama bado, kijani kikishapokea. Vitone vikawa vinageuka kijani kimoja kimoja, na Preben naye akawa anapanuka kidogo kidogo. Mkanda ulisogea tundu moja, ukasogea la pili, mwisho ukawekwa kabatini, kazi ikachukuliwa na kanda za suruali za mabegani.

Yote haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama Maiken asingekuwa anaolewa.

Maiken ndiye mtoto wao wa pekee, na harusi ilipangwa kufungwa Ravnbøl mwezi wa Agosti. Alikuwa ameomba mambo mawili. La kwanza, baba yake amsindikize kwa suti ileile aliyomwolea Gitte. La pili, kengele. Alikuwa amewaambia wakwe zake wa Copenhagen, watu wanaozungumza taratibu nasi kana kwamba sisi ni viziwi, kwamba baba yake ndiye anayezipigisha kengele za kusini kote. Walicheka kwa adabu. Ile adabu ilimuuma mtoto.

"Nataka waisikie, baba," alimwambia. "Nikitoka mlangoni, wasikie kazi yako."

Preben alikwenda kupenga kamasi uani, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi la nyasi.

Kanisa letu aliliacha la mwisho. "Ravnbøl ni nyumbani," alisema. "Pale hata kuomba siombi, nitawaarifu tu." Kumbe siku moja kabla ya kikao chetu, Gitte alimjaribisha ile suti. Koti lilikubali kwa shingo upande. Suruali ilikataa katakata. Kati ya kifungo na tundu lake palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi.

"Apa," Gitte alimwambia. "Apa kwamba hutagusa keki tena mpaka mtoto aolewe."

"Lakini kesho kuna kikao cha..."

"Apa, Preben!"

Akaapa. Mwanamume yule akiapa kwa mkewe hutimiza, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa la Ravnbøl, kwa hiyo hukaa kwenye vikao vya baraza. Kura sina, mdomo ninao. Mwenyekiti wetu ni Bi Metha Bruhn, mwanamke mwembamba kama ufagio, aliyemfundisha Preben kusoma na kumpangusa kamasi, na anayeoka keki ya mkate mweusi ambayo watu huikumbuka wakiwa hospitalini. Ni tabaka za makombo ya mkate na njugu, jamu katikati, na juu yake krimu inayosimama bila msaada. Siku ile aliikata mwenyewe na kuizungusha mwenyewe. Ikafika kwa Preben.

"Preben mwanangu, mbona sahani yako nyeupe?"

"Asante, Bi Metha. Leo kahawa tu."

"Kahawa tu?"

"Nimeshiba."

Bi Metha akaishusha sahani polepole. "Umeshiba wapi?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino. Lakini shemeji yangu hajui kusema uongo, na kwa mtu wa namna hiyo kisigino hakisaidii kitu.

"Jana nilikuwa Løgbæk," akasema. "Walikuwa na keki ya tufaha, ya limau, na ile ya..."

"Løgbæk," akasema Bi Metha.

 Mchungaji aligundua jambo la maana sana ndani ya kikombe chake. Løgbæk na Ravnbøl hawajawahi kukubaliana kuhusu krimu, na sisi hatutaanza leo.

"Haya, tuje kwenye malango yako," Bi Metha akaendelea, sauti imepoa kabisa. "Yakifunguliwa, anaingia nani?"

"Haingii mtu. Inaingia hodi ya seva yetu, basi. Kisha kisanduku kinatoka kuchukua programu."

"Na mwingine akibisha?"

"Ruta inamkataa. Inaangalia anwani, ikiona si ya seva yetu, inakataa."

"Inakataa," Bi Metha akarudia akiitazama ile sahani nyeupe. "Kumbe hata mashine zimejifunza kukataa. Ndugu wajumbe, naona jambo hili ni zito. Tuliangalie baada ya mavuno."

Mikono yote ikapanda. Mavuno yetu huisha Septemba.

Wiki zilizofuata Preben alikuwa wa kuhurumiwa, nami nilimhurumia huku nikimcheka. Kwenye skrini yake Kusini nzima ilikuwa kijani, na Ravnbøl peke yake nyekundu, katikati, kama chunusi puani. Alijaribu kubisha hodi kwa lango jingine, ruta ikakataa. Akaipanga seva ipeleke mzigo Løgbæk, halafu kisanduku cha Løgbæk kibishe hodi kwetu kama jirani. Ruta ikakataa, na nikamwambia kuwa katika yote aliyowahi kubuni, hilo la kuitumia Løgbæk ndilo la kipumbavu kuliko yote.

"Basi chukua programu mkononi, panda mnara, ukaiweke mwenyewe," nikasema.

Akaniangalia kama nimemwambia aruke baharini. "Shemeji, mnara umefungwa. Popo wanalea."

Hilo lilikuwa kweli. Mnara wetu una popo, popo wanalindwa na sheria, na kiangazi chote hakuna anayeruhusiwa kupanda kuwasumbua. Sijawahi kumwona mtu anayewashukuru popo vile.

"Mwambie Maiken tusipige kengele," Gitte akasema. "Watoke kimyakimya, tuwarushie mchele, yaishe."

"Ameniomba vitu viwili," Preben akasema. "Suti na kengele. Nikikosa kengele nimebaki na suti. Na suti yenyewe hainiingii!"

Ni kweli, haikumwingia. Alikuwa anakula matango na kunusa mkate, na suruali ilikuwa imelegeza msimamo kwa upana wa kidole tu. Alikaa pale mezani, jitu zima, mashavu yanatetemeka, na mimi sikucheka tena.

"Sikiliza, shemeji," nikamwambia. "Umechezea malango, anwani, na majirani. Ruta haina shida na wewe. Bi Metha ndiye mwenye shida na wewe. Nenda ukale keki ya watu."

Akamtazama Gitte. Gitte akaitazama suti iliyoning'inia mlangoni. Akasema, "Nenda. Nitaona la kufanya na hiyo suruali."

Alhamisi kabla ya harusi, akina mama wa baraza walikuwa wamekusanyika chumba cha kipaimara kuonja walivyooka kwa ajili ya kahawa ya harusi. Preben akaingia, kofia mkononi, kompyuta kwapani. Mimi nilikuwa nyuma yake nisije nikasimuliwa.

Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi. Hakupata nafasi ya kuyasema. Kwetu mtu haombi radhi kwa maneno, na Bi Metha angeona aibu kuyasikia.

"Mvua haijanyesha," akasema Bi Metha bila kugeuka.

"Haijanyesha," Preben akakubali.

"Utakunywa kahawa?"

"Nitakunywa. Na kama kuna kitu cha kuonja, ningeonja."

Haki ya Mungu niliona mabega ya yule mama yakishuka. Akavuta kiti, akamkalisha Preben mbele ya meza ambayo ungeweza kulishia kikosi, na kazi ikaanza. Keki ya mkate mweusi ilitangulia, kipande cha ukubwa wa Biblia. Preben akala. Zikafuata za matabaka, za kuviringishwa, na ile ya tufaha ambayo mwokaji wake alisimama karibu kabisa akimtazama mdomo. Akala. Jasho lilimtoka, kanda za mabegani zikakaza, lakini akala, na kila sahani alisema kitu kizuri, na nadhani alimaanisha, kwa sababu alikuwa na njaa ya wiki nyingi za matango.

Bi Metha akafuta mikono, akaenda kwenye ile ruta ukutani. Nywila ya ruta anaijua yeye peke yake. Aliiandika kwenye kompyuta ya Preben kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeifunika, kama ile ya benki.

"Fungua lango lako."

Preben akafungua, seva ikabisha hodi. Kwa mara ya kwanza kisanduku cha Ravnbøl kikaitika. Akina mama wakapiga makofi. Kisha kikakaa pale pale, hakitoki kwenda popote.

"Mbona kimesimama?" Bi Metha akauliza.

"Kimesikia hodi, ila mzigo una lango lake. Bado halijafunguliwa."

"Ulisema malango mangapi?"

"Mawili, Bi Metha."

"Basi na wewe bado una upande wa biskuti."

Preben alifumba macho. Halafu akapiga moyo konde, akausogeza mkono upande wa pili wa meza, kwenye za tangawizi, za siagi, na zile nyeupe ngumu ambazo babu yake alizichovya kwenye kahawa alipobaki na jino moja. Ile ya mwisho aliitafuna huku machozi yanamtoka, na sote tukajifanya hatuoni. Bi Metha akaandika nywila tena. Lango la pili likafunguka.

Mzigo ukaanza kwenda, kipande kwa kipande. Mtandao wetu wa kanisa una mwendo wa konokono mwenye bunduki, hana haraka na haogopi mtu. Tulikaa sote tumeuzunguka ule mstari mdogo wa kijani kwenye skrini, tukaongezewa kahawa, na kila ulipokwama Bi Metha aliuambia, "Haya mwanangu, nenda." Ulipofika mwisho kitone cha Ravnbøl kikageuka kijani. Preben akataka kusimama afurahi, akashindwa kusimama.

"Tuijaribu?" nikauliza.

Bi Metha akanigeukia. "Kengele haijaribiwi. Kijiji kikisikia harusi siku ya Alhamisi, nani ameolewa?"

Kwa hiyo tulikwenda kwenye harusi bila kujua. Lango limefunguka, mzigo umefika, lakini kama kisanduku kimeuelewa mzigo au hakikuuelewa, hayo yangejulikana mbele ya Copenhagen yote.

Gitte alikuwa amechana mshono wa nyuma wa suruali na kuongeza kipande cha pazia. Haikutosha. Mwisho kabisa, imebaki nusu saa na watu wameshajaa kanisani, Preben alitoa mfukoni zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, akaunganisha mbili, akapitisha kwenye tundu la kifungo, akavuta. Ikalia krrrk, ikashika.

"Usipumue," Gitte akamwambia.

Mpiga kinanda ana kioo kidogo cha kutazamia nyuma, juu ya kinanda chake. Katika kioo hicho nilimwona Preben akiingia na Maiken mkononi. Maiken alikuwa anang'aa. Preben alikuwa wa zambarau. Alitembea wima kama mlingoti, akakaa upande mmoja wa tako, na sidhani kama alivuta pumzi ya kueleweka mpaka mchungaji alipomaliza kuwafunga.

Kitufe cha kengele kiko pembeni ya kinanda, kule juu roshani, na kazi ya kukibonyeza ni yangu. Niliupiga wimbo wa kutokea haraka kuliko ulivyoandikwa, nikakimbilia dirishani. Maharusi walikuwa wamefika mlangoni. Wakwe wa Copenhagen walikuwa wamesimama kwenye changarawe, nyuso zina adabu tele. Preben alikuwa kando ya ukuta, ameinua uso kuutazama mnara asiowahi kuupanda, midomo inamchezacheza. Nikarudi, nikasema "Ee Mungu, usituaibishe," nikabonyeza.

Ngooo.

Halafu kimya.

Niliusikia ule kimya mpaka kwenye meno. Nikakimbilia tena dirishani, nikaona mkono wa Maiken unamkaza mumewe. Bi Metha akafumba macho. Mama mkwe wa Copenhagen akainua kichwa kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza.

Kumbe ilikuwa inakohoa tu. Ikaja ngo, ikaja ngo-ngo, kisha ikafunguka yote, harusi tupu, kengele kubwa na ndogo zinapokezana mpaka njiwa wakatimka paani, na popo nao nadhani waliamka wakalaani. Maiken akapiga yowe, akaonyesha mnara kwa shada la maua, akawapigia kelele wakwe zake, "Ni baba! Huyo ni baba yangu!"

Na Preben akavuta pumzi.

Aliivuta yote, pumzi ya kiangazi kizima. Zile kamba za plastiki zikakatika kwa mlio niliousikia mpaka juu dirishani, katikati ya kengele. Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu. Watu waliangua kicheko, bwana harusi akaegemea jiwe la kaburi la watu pale uani asidondoke, na ile adabu ya Copenhagen nayo ikadondoka, mama mkwe akawa anajifuta macho kwa glovu.

Preben hakuinama kuiokota. Sijui kama alijua. Alisimama pale na miguu yake myeupe, uso umeelekea mnarani, machozi yanamtiririka, anasikiliza. Ni Bi Metha aliyekimbia chumba cha kipaimara, akavuta kitambaa cheupe cha meza ya kahawa, akaja akamfunga kiunoni kwa fundo la mbele, kama alivyomfunga kikoti alipokuwa mdogo.

"Unasikia, Bi Metha?" Preben akamwambia.

"Nasikia, mwanangu. Simama wima."

Picha ya harusi iko ukutani kwa dada yangu, juu ya redio. Maharusi katikati, wakwe pembeni, na baba wa bibi harusi amevaa suti ya ndoa yake kwa juu, na kitambaa cha meza kwa chini. Ukiangalia karibu utaona doa la jamu pajani. Gitte alitaka mpiga picha alifute, Maiken akakataa.